Sweta la mwezi wa Februari

Mombasa mwezi wa Februari mtu havai sweta. Kaskazi inapuliza joto, mabati ya darasa letu yanaanza kulia tangu saa nne, na watoto wa Gredi ya 4 hufungua vifungo vya mashati hata kengele ya mapumziko haijapigwa. Kwa hivyo mvulana wa dawati la tatu, upande wa dirishani, alipokuja Jumatatu amevaa sweta la mikono mirefu, nilimwona. Jumanne akaja nalo tena. Jumatano nikamkuta anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa, na tangu tufungue shule Januari alikuwa anaandika kwa wa kulia.

Sitamtaja jina, wala sitampa la kubuni. Mambo yake yalifika mahakamani, na mtoto aliye katika hali hiyo hatakiwi kujulikana.

Kosa langu la kwanza nililifanya papo hapo: nilimuuliza mbele ya wenzake. "Mkono una nini?" Darasa zima likageuka. Akauvuta mkono chini ya dawati, akasema mafuta ya karai yalimrukia. Nilimwita nje, nikamwomba anionyeshe. Akapandisha sweta polepole, maana pamba ya ndani ilikuwa imeganda kwenye kidonda.

Mimi nimekulia jikoni kwa mama aliyekuwa akikaanga bajia, na mafuta ya moto nayajua. Yakiruka, huacha madoa madogo madogo yaliyotawanyika, moja hapa, jingine pale. Kidonda hiki kilikuwa kimoja, kirefu kama kidole changu cha kati, kina ncha ya mviringo na kingo zilizonyooka pande zote mbili, mfano wa mgongo wa upawa. Niliangalia, nikaelewa, kisha nikajilazimisha nisielewe.

Nikakaa siku 12 bila kumwambia yeyote mwenye mamlaka. Nataka nieleze zile siku zilivyopita, maana ndipo wengi wetu tunapokwama.

Mtoto huyu aliishi na shangazi yake. Babake alishafariki, mamake yuko Saudia, anafanya kazi za nyumbani. Shangazi anauza mahamri na mbaazi asubuhi, si mbali na shule yetu huku Kisauni, na nusu ya walimu tulikuwa wateja wake. Ni mjane, ana wanawe watatu, na mtoto wa kaka yake alimchukua bila kuombwa mara mbili. Nilijiambia: mwanamke huyu amebeba mzigo ambao wengine wameukimbia, nami leo nimpelekee polisi mlangoni? Na sisi watu wa Pwani tumelelewa kwenye sitara. Jambo la nyumba ya mtu hufunikwa, likizidi huitwa mzee wa mtaa, watu wakakaa jamvini, wakapatana. Anayekimbilia serikalini huonekana amevua watu nguo.

Tena nilikuwa na kisingizio cha kiofisi. Waraka namba 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu tunaujua sote. Mwalimu akijua au akishuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono, ana saa 24 tu za kuripoti, na akinyamaza au akisaidia kuficha atachukuliwa hatua za nidhamu. Basi nikajisemea, huu ni moto, si ngono, waraka haunihusu. Nilijificha kwenye mwanya huo, na nilikuwa najua kuwa najificha, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nikilitazama lile sweta kabla ya kuita majina.

Aliyenitoa mafichoni ni dada yangu mkubwa. Ni muuguzi California, na Jumamosi usiku huwa tunaongea. Nilimsimulia kama habari tu, katikati ya mazungumzo ya harusi ya binamu yetu. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Umeripoti kwa nani?"

Nikamwambia bado sina uhakika.

"Mdogo wangu, nani amekuomba uhakika?"

Akanieleza kwao mambo yalivyo. Muuguzi, daktari, mwalimu na wengine wengi wamewekwa na sheria kuwa watu wanaolazimika kuripoti. Si kazi yao kuthibitisha. Wakiwa na shaka yenye msingi tu, wanapiga simu mara moja, na ndani ya saa 36 wanapeleka ripoti ya maandishi. Kumwambia mkubwa wako kazini hakukuondolei wajibu. Ni wewe uliyeona ndiye unayedaiwa. Ukinyamaza ni kosa la jinai, unaweza kufungwa hadi miezi sita au kutozwa faini ya dola 1,000. Lakini ukiripoti kwa nia njema kisha ikaonekana ulikosea, sheria inakukinga.

Nikamjibu kwamba hiyo ni Marekani. Akasema, "Na hapo kwenu mtoto akiungua haumii?"

Sikulala vizuri. Jumapili nikaitoa Katiba, nikasoma kifungu cha 53, kwamba kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, ukatili na kazi za kumdhuru, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Nikasoma na Sheria ya Watoto ya 2022. Humo nikaona kwamba mtu yeyote mwenye sababu ya msingi ya kuamini kuwa mtoto anahitaji ulinzi anaweza kulifikisha jambo kwa afisa aliyeidhinishwa. Inaposema mtu yeyote, na mama anayeuza maji jirani yao amo. Sembuse mimi ninayekaa naye mtoto kutwa nzima, nalipwa mshahara kwa ajili hiyo?

Niliamua nitaongea naye Jumatatu. Ila Ijumaa hakuwa amekuja shule, na Jumatatu alipofika alikuwa anakalia upande mmoja wa paja.

Wakati wa mapumziko nilimpeleka chini ya mwarobaini, mahali tunapoonekana na watu lakini hatusikiki. Nikakaa chini ili macho yetu yalingane. Safari hii sikumuuliza nani amekufanya hivi. Nilimwambia tu, "Mwanangu, naona unaumia. Ukitaka kuniambia, ninasikiliza."

Akachora mchangani kwa kidole muda mrefu. Kisha akauliza, "Hutamwambia mtu, Mwalimu?"

Hapo ulimi ulinichezea. Kumjibu "ndiyo, sitasema" kungekuwa rahisi, na angeniamini. Nikamwambia, "Siwezi kukuahidi siri. Kama kuna anayekuumiza, nitawaambia watu ambao kazi yao ni kuwalinda watoto. Lakini sitawaambia wenzako, na sitafanya lolote bila kukuambia kwanza." Nilidhani ataondoka. Hakuondoka.

Alisema huamshwa saa tisa usiku kukanda unga. Alisema Alhamisi alitumwa dukani akapoteza shilingi mia mbili. Kisha akasema, "Nikafundishwa."

Neno hilo sitalisahau, maana ndilo la kazi yangu. Nikamuuliza, "Kufundishwa vipi?" Akagusa paja.

Sikumuuliza zaidi. Si kazi yangu kumhoji, na kadiri mtoto anavyorudia kisa kwa watu wengi ndivyo kinavyomtonesha, tena baadaye husemekana alitiwa maneno mdomoni. Nilimpa chai na mkate, nikampeleka maktaba akae na mwenzangu, nikafungua daftari. Nikaandika tarehe, saa, mahali tulipokaa, nilichoona kwa macho, na alichosema kwa maneno yake. Niliandika "nikafundishwa", sikuandika "alichomwa". Nilitenganisha niliyoyaona na niliyoyadhani, na ya kudhani nikayaacha. Ukurasa ule mmoja ulikuja kusaidia kuliko hotuba yoyote ambayo ningetoa.

Kisha nikapiga 116, ile namba ya bure ya watoto. Watu wengi hudhani ni ya watoto peke yao, kumbe hata mtu mzima hupiga, usiku na mchana. Aliyepokea alikuwa mtulivu. Aliuliza umri wa mtoto, jeraha la mwisho ni la lini, na kama leo jioni anarudi nyumba ile ile. Swali hilo la mwisho lilinigandisha. Ilikuwa saa sita kasoro, na tunawaachilia watoto saa tisa u nusu.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Ni mtu mwema, simsemi kwa ubaya. Jibu lake la kwanza lilikuwa tumwite mlezi aje tumsikilize, na mzee wa mtaa awepo, tuyamalize hapa hapa. Nikamwambia, "Mwalimu, tukimwita sasa, usiku ataulizwa ni nani aliyesema." Akavua miwani. Nikaongeza kwamba mimi nimeshapiga simu, daftari hili hapa, na nitakwenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo hata kama shule haitanipa barua. Sikupandisha sauti. Akasoma ule ukurasa, akaurudia, akaandika barua kwa mkono wake na kupiga muhuri.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, na nitayapitia upesi. Nilipanda tuktuk hadi ofisi ya watoto. Afisa, mama wa makamo mwenye foleni ya watu mlangoni, alisoma barua akainuka. Tulipitia kituo cha polisi, dawati la jinsia, tukapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Tulifika shuleni saa nane na robo. Nilimwambia mtoto kama nilivyoahidi: hawa ndio watu niliokutajia. Akaniuliza kama nitakwenda naye. Nilikwenda.

Hospitali Kuu ya Pwani daktari aliloweka pamba kwa maji ya chumvi, akaibandua sweta kidogo kidogo, karibu dakika ishirini, akimhadithia habari za mpira. Alijaza fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha. Aliandika urefu wa kila kidonda. Vilikuwa vinne. Mimi niliviona viwili tu.

Bibi yake mzaa mama aliwasili kutoka Mtwapa baada ya magharibi, kanga mbili mwilini, anatetemeka. Afisa alimhoji peke yake, akampigia mama mtu Saudia, kisha akamkabidhi mtoto kwa maandishi mpaka mahakama iamue. Suala la ulinzi wake lilisikilizwa Mahakama ya Watoto, Tononoka. Nilihojiwa nikasoma daftari langu. Mahakama ilimwacha kwa bibi.

Mtaani nililipia. Shangazi alinisubiri langoni akaniuliza, kwa sauti ambayo hata wauza mihogo waliisikia, kama nimewahi kulea mtoto asiyekuwa wangu. Sikumjibu, kwa kuwa sijawahi. Mwalimu mwenzangu aliacha kunisalimia kwa wiki kadhaa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba viboko na moto mdogo ndivyo vilivyotukuza sisi sote. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, lakini Katiba imekataza," na sikuwa na jingine la kumwambia. Ile sheria ya zamani, ya mwaka 2001, ilikuwa ikimwachia mlezi adhabu ya kadiri. Hii mpya haina nafasi hiyo, na wengi mtaani hawajaambiwa.

Lakini yote hayo ni mepesi ukiyaweka kando ya jambo moja. Kidonda cha pajani kilikuwa cha Alhamisi, siku ya nane tangu nilione lile sweta na kilicho chini yake. Ningepiga simu siku ya kwanza, kisingekuwepo. Hakuna aliyenilaumu kwa hilo, si afisa wala mahakama, maana hakuna aliyehesabu. Nimehesabu mwenyewe.

Siku hizi daftari ninalo kwenye mkoba. Akija mtoto na alama, naandika siku hiyo hiyo. Akisinzia kila asubuhi, naandika. Mara mbili nimeripoti tena, na mara moja ikaonekana mtoto alikuwa na maradhi ya ngozi. Mamake alikasirika, nikamwomba radhi, afisa akamsaidia kupata kliniki. Siku ile nilirudi nyumbani nikalala.

Mwezi wa Aprili, shule zilipofungwa, afisa aliniruhusu nikamtembelee Mtwapa. Nilimkuta juu ya mkwaju, kifua wazi, anawarushia wenzake ukwaju. Aliteremka akaninyooshea mkono wa kulia nimsalimie. Kovu limebaki, linang'aa. Tulikaa barazani na bibi yake, tukala muhogo, akanisomea kitabu cha shule mpya bila kukwama. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, na matatu ilipokuwa inasimama akaniuliza:

"Mwalimu, shangazi siku hizi anakandiwa unga na nani?"

Nikamwambia anakanda mwenyewe. Akatikisa kichwa, akasimama pale kando ya barabara mpaka matatu ikaondoka.