Nilivyotengeneza mashine ya kupiga tizi bila kushuka kwenye kiti mwendo

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Buguruni, Dar es Salaam. Kazi za kila siku ni mageti, madirisha na fremu za vibanda, lakini kwa muda sasa vijana wa jimu za mtaani wamekuwa wakinipa oda za mabenchi na vyuma vya kunyanyua. Ndiyo maana kaka mmoja wa Vingunguti alipotafuta mtu wa kumtengenezea mashine, walimwelekeza kwangu. Zamani alikuwa dereva wa bodaboda. Ajali ilimuumiza uti wa mgongo, na tangu hapo anatumia kiti mwendo. Ombi lake lilikuwa fupi: "Fundi, nataka kupiga tizi bila kubebwa."

Jimu aliyokuwa akienda walimpokea vizuri. Tatizo lilikuwa benchi. Kila zoezi lilitaka wanaume wawili wamtoe kwenye kiti na kumlaza kwenye ubao wenye upana wa sentimita 30 hivi, kisha mmoja amshike kiuno asidondoke, kwa sababu misuli ya tumbo na ya mgongo wa chini haimtii tena. Zoezi likiisha, wamrudishe. Siku wenzake wakiwa na shughuli zao, na yeye hana mazoezi. Na hata wakiwepo, kule kuhamishwahamishwa kunakwaruza ngozi ya makalio ambayo haina hisia, na kidonda cha mgandamizo kikishaanza hapo kinaweza kumlaza mtu miezi.

Nikaamua kwamba mashine yangu haitakuwa na siti. Mtu aje na kiti chake, abaki humohumo, chuma ndicho kimfuate. Uamuzi huo ndio uliozaa mengine yote. Mpaka leo nikiona mashine inayosemwa ni ya watu wenye ulemavu ilhali ina siti ya kupandia, najua aliyeichora hakukaa na wenyewe akawasikiliza.

Nilianza na futi. Yule kaka alinikusanyia wenzake, nikapima viti vyao na miili yao wakiwa wamekaa. Viti mwendo vya Dar havifanani: kuna vya msaada, vizito na vya kukunjwa, na kuna vya wacheza kikapu ambavyo magurudumu yake yametanuka kwa chini. Upana wa vile vya kawaida ni sentimita 60 hadi 70. Nguzo zangu nikaziachanisha sentimita 90, ili mikono inayosukuma ringi za magurudumu isigonge chuma wakati wa kuingia. Mbele nikaacha wazi kabisa kwa ajili ya magoti na vibao vya kukanyagia, maana hivyo hutangulia kufika kabla ya mwenye kiti. Kwa urefu wa kwenda juu, bega la mtu aliyekaa huwa kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Bomba la kuvutia la mashine za kawaida huning'inia juu sana, kwa kuwa mtu analishika akiwa amesimama ndipo anakaa nalo. Huyu hasimami. Kwa hiyo vishikio vyangu vikiachiwa vinapumzika usawa wa uso, sio juu ya kichwa.

Kazi iliyonichukua akili zaidi ni kukishika kiti kisitembee. Mtu asiyekaa humo hudhani breki zinatosha. Breki za kiti mwendo hubana tairi za nyuma tu, basi. Ukivuta waya ulio mbele yako, waya nao unakuvuta wewe: uzito wa mwili unahamia kwenye vigurudumu vidogo vya mbele, yale ya nyuma yanakuwa mepesi, na breki zinakosa cha kushikilia. Kiti kinaanza kuteleza kuelekea mashine. Ukisukuma, mambo yanageuka. Unajirudisha nyuma mwenyewe, na kwa kuwa ekseli ya magurudumu makubwa iko karibu kabisa chini ya makalio, kiti kinaweza kupinduka kwa kisogo. Kadiri kiti kinavyokuwa chepesi na kizuri barabarani, ndivyo kinavyopinduka kwa urahisi.

Jibu lilitoka chini. Nililaza bamba la chuma la milimita 3 lenye vinundu, nikalichomelea kwenye miguu ya mashine, kiti kikapanda juu yake. Hapo uzito wa mtu na kiti chake ndio unaoikandamiza mashine isiinuke, sihitaji kuichimbia zege. Juu ya bamba nikachomelea mifereji miwili ya chuma cha engo, midomo yake imepanuliwa ili magurudumu yajiongoze yenyewe. Halafu kando ya paja la kulia kuna wenzo. Ukiusukuma mbele, ndoana mbili za nondo ya milimita 12, zilizovalishwa mpira wa bomba la maji, zinashuka na kulibana lile bomba la chini la fremu ya kiti. Hazishiki spoku, wala mahali pa kuwekea mikono, kwa sababu kwenye viti vingi sehemu hiyo huchomoka. Kwa nyuma kuna ubao wenye sponji unaosogezwa hadi uguse mgongo wa kiti. Yule kaka alipoufunga wenzo mwenyewe akavuta kwa nguvu zake zote, kiti hakikusogea. Alivuta tena na tena. Nilifurahi kuliko siku nyingi za kazi yangu.

Sasa avute au asukume? Mimi nilikuwa nafikiria kifua, kama vijana wote wa jimu. Dada mmoja mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye yule kaka alimleta karakana, ndiye aliyenifungua macho. Alisema mtu wa kiti mwendo anasukuma ringi kutwa nzima, kwa hiyo misuli ya kifua na ya mbele ya bega inafanya kazi kila siku bila kuambiwa. Inayobaki nyuma ni ile inayovuta: ya kati ya mabega, ya nyuma ya bega, na ile midogo inayolishika bega ndani ya tundu lake. Pasipo mizani hapo bega linaanza kuuma, na kwa mtu huyu bega ndilo mguu wake. Alinisimulia pia habari za daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua wodi ya walioumia uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, akawafanya wagonjwa wake wacheze michezo kama sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948 aliandaa mashindano ya watu 16 waliotumia viti mwendo, na mchezo ulikuwa kulenga shabaha kwa upinde. Upinde huvutwa! Kutoka huko ndiko ilikokuja michezo ya Paralimpiki, ile ya dunia ya watu wenye ulemavu. Nikaifanya mashine yangu ya kuvuta kwanza, kusukuma ni nyongeza.

Waya unapita kwenye kapi zenye kipenyo cha sentimita 10, ndani yake bering namba 6202 zilizofungwa pande zote mbili, maana mchanga na chumvi ya hewa ya Dar huziua bering zilizo wazi. Uzito hautegemei vile visahani vya kuinama na kuviokota sakafuni. Nilikata mabamba ya milimita 10 kutoka chuma chakavu, kila moja sentimita 30 kwa 10, linakuja kama kilo 2.3. Yamepangwa kwenye nguzo mbili, na pini ya kuchagua inafikiwa na mkono ukiwa umekaa. Kapi moja nimeifunga juu ya mabamba yenyewe, ikipanda na kushuka nayo, hivyo uzito unaofika mkononi ni nusu. Kila bamba unaloongeza linahisiwa kama kilo moja na kidogo. Kijana mwenye misuli ataona ni kidogo mno, lakini mzee aliyepata kiharusi, anayefanya mazoezi kwa ule mkono wa upande dhaifu, hatua ya kilo moja ndiyo inayomfaa. Kwa ajili yake pia kila kishikio kina waya wake, mkono mmoja usibebe mwingine.

Wapo ambao vidole havifumbi, hasa walioumia shingoni. Hao hawahitaji kishikio, wanahitaji kufungwa. Fundi viatu wa jirani alinishonea pingu pana za ngozi zenye mkanda unaonata, ndani zimewekwa sponji, na mbele kuna pete ya kuning'iniza kwenye waya. Mtu anazivaa kwa msaada wa meno yake.

Kuna mambo ya mwili niliyojifunza ambayo fundi yeyote anayetaka kazi hii lazima ayajue. Chuma kilichopigwa na jua la Dar la saa saba kinaunguza paja lisilo na hisia, na mwenyewe hajui mpaka aone lengelenge. Kwa hiyo kila kinachoweza kugusa mguu nimekivisha mpira, na mashine iko chini ya paa. Pia walioumia uti wa mgongo sehemu ya juu hawatoi jasho vizuri chini ya pale walipoumia, joto linawajaa mwilini. Wao wanafanya mazoezi asubuhi, na ndoo ya maji na taulo viko karibu. Hao hao, kuanzia waliovunjika usawa wa katikati ya kifua kwenda shingoni, presha inaweza kuwapanda ghafla kwa sababu ya kitu kidogo tu, kibofu kilichojaa au mkanda uliobana: kichwa kinagonga, jasho linatoka usoni. Hapo mtu hapaswi kulazwa. Anabaki wima, mikanda inalegezwa, anasaidiwa kukojoa, na isiposhuka anawahishwa hospitali. Ndiyo maana mkanda wa kifua kwenye mashine yangu unafunguka kwa kuvutwa mara moja kwa mkono wowote ule.

Nimeongeza pia krenki ya kuzungusha kwa mikono, nimeitoa kwenye baiskeli kuukuu ya Phoenix. Mikono yake nimeifupisha, na yote miwili inaelekea upande mmoja, isipishane kama pedeli, kwani ikipishana kiwiliwili kisicho na nguvu kinayumba huku na huku. Kitovu chake kiko chini kidogo ya bega. Ni rahisi kutengeneza, na kwa pumzi ni nzuri sana.

Mahali pa kuiweka ilibidi tupachague. Uwanja mwingi wa mtaani ni mchanga, na vigurudumu vya mbele huzama. Mwenye jimu mmoja wa Tabata alikubali kutupa kona yenye sakafu, tukamwaga zege la mteremko mlangoni. Ngazi yake ni sentimita 15, mteremko nikaupa urefu wa mita 1.8, yaani kila sentimita moja ya kupanda inapewa 12 za kwenda mbele. Ukiufupisha, mtu anahitaji wa kumsukuma, na tumerudi kulekule kwa kubebwa.

Waliobaki nje kwa sasa ni wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mkono, ambao mjini ni wengi. Chombo chao ni kirefu, hakiingii kwenye mifereji. Kwao natengeneza mkono wa kapi wenye bawaba za geti, unaozunguka hadi ubavuni mwa mashine, ili mtu asimamishe baiskeli yake sambamba na kuvuta kutoka hapo. Bawaba zimeshachomelewa, kinachonishughulisha ni kitasa cha kuuzuia mkono usirudi wakati wa kuvuta, na wiki hii naenda eneo la Gerezani hapa mjini kutafuta springi yenye nguvu ya kutosha.