Siku yangu ya kusikiliza vifua

Saa 1:30 asubuhi. Benchi la kliniki ya watoto, hapa Dar es Salaam, limeshajaa. Nazima feni kwanza. Ngurumo yake humeza milio ya chini, na mimi kama tabibu naishi kwa masikio.

Saa 2:00. Binti wa miaka sita, ana pumu. "Daktari, usiku kucha kifua kinapiga filimbi," anasema mama yake. Nasikia milio kadhaa kwa mpigo, yote akitoa pumzi. Njia za hewa zimebana, kuta zake zinakaribia kugusana, na hewa inayopita kwa kasi inazitikisa. Tofauti na zumari, urefu wa njia haupangi sauti. Kinachopanga ni uzito na mnyumbuko wa kuta zenyewe pamoja na kasi ya hewa. Daktari wa kifua Paul Forgacs alilieleza hilo mwaka 1967, na hata mgonjwa akivuta heliamu, gesi nyepesi, iliyochanganywa na oksijeni, mlio haupandi.

Tunampa salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako. Baada ya dakika 20, mlio uliokuwa umejaza pumzi yote ya kutoka umebaki mwishoni tu. Hicho ndicho ninachokiamini: mlio umekaa sehemu gani ya pumzi. Ukali wake haunishughulishi sana.

Saa 4:00. Mtoto wa miaka miwili, mlio mmoja, upande wa kulia peke yake. Namuuliza bibi yake alikuwa anakula nini. "Karanga, mwanangu." Huenda moja imekwama kwenye njia ya hewa. Rufaa leo hii hii, kwenye hospitali inayoweza kuingiza kamera njia ya hewa.

Saa 6 hadi 8, mafua na nimonia. Mchakacho wa nimonia haufiki milisekunde 20. Mlio wa pumu huvuka 100.

Saa 9:15. Kijana kabebwa mgongoni na mjomba wake. "Afadhali sasa, filimbi imekata." Naweka stetoskopu: karibu kimya. Midomo imebadilika rangi. Hewa haipiti hata ya kutikisa kuta! Oksijeni, nebulaiza (mashine ya kuvutisha dawa), sindano ya mshipa, simu ya gari la wagonjwa.

Saa 9:50 filimbi inaanza upya. "Imerudi!" mjomba anashtuka. "Ndiyo, mjomba. Hewa imeanza kupita." Tunamsindikiza na mtungi wa oksijeni hadi wodini.

Saa 11:00. Nawaonyesha wauguzi wapya kusikiliza na shingoni pia, maana mapafu na ukuta wa kifua huchuja milio ya juu.