Sauti Niliyoiamini

Juzi nilisambaza katika kundi la familia yetu sauti ya mwanasiasa akidai kwamba uchaguzi umeahirishwa, na saa chache baadaye nikagundua kuwa haikuwa yake, bali ilitengenezwa kwa akili mnemba. Niliufuta ujumbe na kuwaomba radhi wote, lakini shangazi alikuwa ameshaupeleka kwingine. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kisa cha Januari 2024 nilikuwa nakijua, pale wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipopigiwa simu zenye sauti iliyoigiza ile ya Joe Biden, ikiwahimiza wasijitokeze katika uchaguzi wa mchujo. Mitandao ya kijamii husukuma mbele yale yanayotuchoma moyo, na sauti ile, nakiri, ilinichoma. Siku hizi, kabla ya kusambaza rekodi yoyote, natafuta kwanza ilikotoka.