Pweza Aliyefika Kirumba

Wiki hii mwezi umejaa, mitumbwi ya dagaa imepumzika, na jirani yangu ana nafasi jioni. Ni mama anayenizidi miaka 20 na zaidi, muuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kwa muda mrefu tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba tu, kila mtu na mlango wake. Siku hizi mwezi ukiwa mkubwa anakuja na kigoda chake hadi barazani kwangu, anajitanda khanga, anauliza: "Haya mwalimu, yule mdudu wetu amefikia wapi?"

Mdudu wetu ni pweza. Anaitwa Marcellus, anaishi kwenye tangi la kioo huko Marekani, ndani ya riwaya ya Shelby Van Pelt iitwayo Remarkably Bright Creatures, iliyotoka mwaka 2022.

Kitabu hicho kilinikuta pabaya. Baba alikuwa amefariki, nami ninayekula kwa kufundisha fasihi nilishindwa kumaliza hata ukurasa mmoja. Nilijaribu kurudi kwa Kezilahabi, mwana wa Ukerewe hapo ng'ambo, maana ndiye aliyenifundisha kupenda riwaya tangu nikiwa sekondari. Nikamfunga. Sikuwa na nguvu za kumzika Rosa wa riwaya yake Rosa Mistika mara nyingine. Nilitaka hadithi ambayo watu wanaumia kweli, lakini mlango unagongwa na mtu anaingia.

Tova ni mjane wa miaka 70 anayefanya usafi usiku kwenye jumba la kuonyeshea viumbe wa baharini. Mwanawe wa pekee alipotelea majini akiwa na miaka 18. Imepita miaka 30 na bado hajui kwa hakika kilichotokea. Usiku mmoja anamkuta pweza ametoroka tangini, amenaswa kwenye nyaya za umeme, anamnasua. Urafiki unaanzia hapo. Sura nyingine anasimulia pweza mwenyewe, akihesabu siku za kifungo chake na kuwatazama wanadamu wanaopita mbele ya kioo. Kuna pia kijana aitwaye Cameron, atakuchosha mwanzoni kwa kulalamika. Mvumilie, usikiweke kitabu chini.

Kumsimulia jirani hadithi hii kulikuwa kazi. Ziwa letu halina pweza, na mama huyu hajawahi kufika pwani. Nilichukua kipande cha mkaa nikamchorea sakafuni: mikono minane, hana mfupa hata mmoja, mioyo mitatu. Aliutazama mchoro kwa muda.

"Mioyo mitatu," akasema. "Basi huyo akifiwa anaumia mara tatu."

Nilipofika kwa mtoto aliyepotelea majini nilisita, maana huu ni mji wa ziwa. Tangu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, hadithi ya mtu ambaye mwili wake haukuonekana si ya kusimuliwa hivi hivi. Alinitaka niendelee. Kisha yeye ndiye aliyeendelea. Mdogo wake alitoka usiku wa giza na karabai zake kuvua dagaa, asubuhi wenzake wakarudi bila yeye. Sikuwahi kulijua hilo, na tunatenganishwa na ukuta mmoja.

Aliniambia wenzake wa Mwaloni walivyofanya. Walimpa pole mara moja, hawakuirudia. Walichukua mzigo wake wa dagaa wakauanika, wakaugeuza juani, wakaupima kwa sado, wakauza, na kila jioni mmoja wao alimletea hela nyumbani zimefungwa kwenye pindo la khanga. Wakaendelea hivyo mpaka aliporudi sokoni kwa miguu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kitabu kile kilinishika. Wanaompenda Tova hawamhubirii. Kuna marafiki zake wa kufuma, kuna yule mwenye duka la vyakula anayemtazama kwa upole kila anapoingia. Na yeye mwenyewe huzuni yake anaishughulikia kwa kufuta vioo. Mikono inafanya kazi, maneno yanakuja baadaye, au hayaji.

Kitabu cha pili ninachokipendekeza kwa moyo wote kinatoka Japani: What You Are Looking For Is in the Library cha Michiko Aoyama, kilichotoka kwao mwaka 2020 na kufika kwa Kiingereza mwaka 2023. Watu watano, kila mmoja na sura yake, wanaingia maktaba ndogo ya mtaa. Mkutubi anawauliza wanatafuta nini. Anawapa orodha ya vitabu walivyoomba, na mwishoni anachomeka kimoja kisichohusiana kabisa, pamoja na kinyago kidogo cha sufu alichokitengeneza mwenyewe. Sura ya Masao, mstaafu wa miaka 65 anayegundua kwamba nje ya kazi hana anayemjua, niliisoma nikimkumbuka baba miezi ile ya kwanza ya kustaafu, alivyokuwa anavaa shati la kazini asubuhi kisha anakaa sebuleni. Laiti ningekipata wakati huo.

Welcome to the Hyunam-dong Bookshop cha Hwang Bo-reum, kutoka Korea Kusini, nacho ni kizuri, ila kinakwenda polepole sana. Kisome ukiwa umechoka, si ukiwa na haraka.

Vyote hivi nimevisoma kwa Kiingereza, na hilo linaniuma. Jirani yangu anavipata kupitia kinywa changu tu, nami najua ninavyopunguza. Ndiyo maana kati ya usiku na usiku ninamsomea cha nyumbani, ingawa si kipya: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe, na Kiswahili chake kikachapwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Mume anataka kumrudisha mkewe kutoka kwa wakwe, anatozwa pombe ya ndizi, na pombe ya namna hiyo haipikwi na mtu mmoja. Hapo sihitaji kuchora chochote. Jirani ndiye anayenisahihisha mimi.

Jana tulirudi kwa Marcellus. Pweza wa aina yake huishi kama miaka minne, na yeye anajua hivyo, ndiyo sababu anahesabu. Mama akaniuliza zimebaki siku ngapi. Nikafungua kinywa kumjibu, akaninyooshea kiganja.

"Ishia hapo, mwalimu. Giza likianza narudi kazini. Utanimalizia mwezi ukijaa tena."

Akabeba kigoda chake. Mchoro wa mkaa bado uko barazani, leo asubuhi nimedeki nikauzunguka.