Mita 450 hadi Neptuni: kuupima mfumo wa Jua kwa skeli moja

Ule mchoro wa mfumo wa Jua unaobandikwa ukutani madarasani hutumia skeli mbili kwa pamoja: moja ya ukubwa wa sayari, nyingine ya umbali kati yake. Mchoraji hana la kufanya. Karatasi ikiwa na urefu wa mita moja na Neptuni ikawekwa mwisho wake, Jua linapaswa kuwa na upana wa milimita 0.3 na Dunia milimita 0.003. Hapo karatasi itaonekana tupu. Basi sayari zinavimbishwa, umbali unabanwa, na mtoto anaondoka akidhani Mirihi iko mlango wa pili.

Dawa ni kutoka nje na kutumia skeli moja tu kwa kila kitu. Ninayoipendekeza ni 1 kwa bilioni 10, skeli ileile ya modeli iitwayo Voyage iliyowekwa Washington mwaka 2001. Ukipunguza zaidi, Utaridi (vitabu vingine vya shule huiita Zebaki) haionekani kabisa. Ukiongeza hadi 1 kwa bilioni moja, utatembea kilomita nne na nusu na watu watakuwa wamekukimbia kabla ya Zohali.

Hesabu yake ni nyepesi. Umbali: kila kilomita milioni 10 ni mita 1. Ukubwa: kila kilomita 10,000 ni milimita 1. Bilioni hapa ni milioni elfu moja, ile ambayo waliosoma kwa Kifaransa Kongo au Burundi wanaiita miliari. Ukizichanganya, umekosea mara elfu moja, na kosa hilo halionekani kwa macho mpaka mtu aanze kutembea.

Vifaa: manila ya njano, bikari, gundi, plastisini, vijiti vya mishikaki, futi kamba ya mita 30 au 50, na vitu vichache vya jikoni. Anza na Jua. Fungua bikari sentimita 7, chora duara, kata. Upana wake ni sentimita 14, kwa sababu Jua halisi lina kilomita 1,391,000. Wengi hufungua bikari sentimita 14 wakapata Jua kubwa mara mbili. Kipenyo na nusu kipenyo huwachanganya hata walimu.

Utaridi ni nukta ya kalamu ya wino, milimita 0.5, ikae mita 5.8 kutoka kwenye Jua. Zuhura ni milimita 1.2, mita 10.8. Dunia ni milimita 1.3, mita 15. Kwa hizi mbili tafuta punje za ulezi, uchague zile ndogo kabisa. Mirihi ni milimita 0.7, mita 22.8, nukta ya kalamu tena, ukiikandamiza kidogo. Mshtarii ni gololi ndogo ya milimita 14, mita 78. Zohali ni kibonge cha plastisini cha milimita 11.6, mita 143, na pete zake ni duara la karatasi lenye upana wa milimita 27. Uranusi na Neptuni ni punje mbili za pilipili manga za milimita 5 hivi, moja mita 287, nyingine mita 450.

Mwezi usisahaulike: nukta ya milimita 0.35, sentimita 3.8 kutoka kwenye punje ya Dunia. Nukta hizo mbili zinakaa kwenye kadi moja, na huko ndiko mbali kuliko kote ambako binadamu amewahi kufika.

Gundisha kila punje kwenye kadi, andika jina, kadi uitie kwenye kijiti. Punje isiyo na gundi inachukuliwa na upepo wa kwanza, na kuitafuta Dunia kwenye nyasi ni kazi ya bure. Umbali wote unapimwa kutoka kwenye Jua, si kutoka sayari iliyotangulia. Hili ndilo kosa linaloharibu modeli nyingi: mtu anaweka Mshtarii, kisha anahesabu mita 143 kuanzia hapo, na Zohali inaishia karibu na mita 221. Kamba ya nailoni pia huvutika, kwa hiyo kama huna futi, tumia kamba ya katani yenye mafundo. Baada ya Mshtarii unaweza kupima kwa hatua: hesabu hatua zako ndani ya mita 50 zilizopimwa, kisha gawanya.

Ukiweka Jua kwenye mstari wa goli, Mshtarii bado iko ndani ya uwanja wa mpira; zilizobaki zinataka barabara. Hakuna ulazima wa kuzipanga mstari mmoja, maana angani nazo hazijipangi hivyo. Mstari ni kwa urahisi wa kutembea tu.

Kuna jaribio la kuhakikisha kwamba hukukosea. Simama kwenye Dunia, mita 15, utazame duara la njano. Linapaswa kuonekana na ukubwa uleule wa mwezi mpevu angani, nusu digrii, kwa sababu Jua na Mwezi huonekana karibu sawa kutoka huku. Linganisha na Mwezi. Jua lenyewe usilitazame. Duara likionekana kubwa waziwazi, rudi kwenye bikari.

Modeli ikikaa sawa, ipe nuru. Kasi ya nuru ni kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwa skeli hii ni sentimita 3 kwa sekunde. Mtu mmoja asogeze kidole kwenye futi kutoka kwenye Jua, sentimita 30 kila sekunde 10. Atafika Duniani baada ya dakika 8 na sekunde 20. Watu huchoka kabla ya Zuhura, na ni vizuri wachoke. Kufika Neptuni kunataka saa 4 na dakika 10.

Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, kimeshapita kilomita bilioni 25 kutoka hapa. Kwenye modeli hiyo ni kilomita 2.5, na kila mwaka kinaongeza mita 54 hivi.

Nyota iliyo karibu zaidi na Jua ni Proxima Centauri, iliyogunduliwa na Robert Innes akiwa Johannesburg mwaka 1915. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.25, na mwaka mmoja wa nuru ni kilomita bilioni 9,461 (ni urefu, si muda). Gawanya: kilomita 4,000 na ushei. Ukiweka Jua lako Dar es Salaam, Proxima ni gololi ya sentimita 2 huko Muscat, na kati ya hapo, ukishaipita Neptuni kwenye mita 450, hakuna nyota nyingine yoyote. Umbali huu ulipimwaje? Dunia inazunguka Jua, kwa hiyo katika miezi sita tunahama mita 30 za modeli. Nyota ya Muscat inaonekana kusogea sekunde 1.5 tu za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Thomas Henderson alizipima Alpha Centauri, jirani zake, kwa njia hiyo akiwa Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1832 na 1833. Jioni za Juni ukiwa pwani yetu, Alpha Centauri ndiyo ile angavu upande wa kusini, mbali kidogo na Msalaba wa Kusini.

Zaidi ya hapo skeli hii imekufa. Njia Nyeupe, galaksi yetu (kundi kubwa la nyota ambamo Jua nalo limo), ingekuwa na upana wa kilomita milioni 95. Watu hupenda kulazimisha skeli moja iendelee, wakaishia na tarakimu zisizoshikika kama zile za mwanzo. Badilisha skeli, na useme wazi kwamba umebadilisha: mwaka wa nuru 1 uwe milimita 1.

Sasa galaksi nzima ina upana wa mita 100 hivi, na sisi tuko mita 26 kutoka katikati. Mfumo wote wa Jua hadi Neptuni, ule uliokutembeza mita 450, una upana wa mikromita moja, ukubwa wa bakteria. Proxima iko milimita 4 pembeni. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani inayoonekana kusini kwa macho matupu usiku wa Januari mahali pasipo na taa, liko mita 160. Galaksi ya Andromeda iko kilomita 2.5. Nuru inasogea milimita moja kwa mwaka.

Ukingo wa ulimwengu unaoonekana unakuja kwenye kilomita 46,000. Hapa wengi huweka 13,800, kwa sababu ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Nuru ya mbali kabisa imesafiri muda huo kweli, lakini njiani anga lenyewe limekuwa likitanuka, na vitu vilivyoitoa sasa viko miaka ya nuru bilioni 46 kutoka kwetu.