Moja mara mbili

Mama yangu alianzishiwa dawa za shinikizo la damu wakati siishi naye, na ndiyo sababu nilichelewa kujua kwamba kwa wiki sita alikuwa akizinywa isivyotakiwa. Bahasha aliyokabidhiwa kwenye dirisha la dawa ilikuwa imeandikwa kwa wino wa bluu, "1 x 2". Kwa aliyeiandika, maana yake ilikuwa kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Mama aliisoma kuwa siku moja, vidonge viwili, akawa anavimeza vyote kwa mpigo kila alfajiri. Kizunguzungu kilichomshika baadaye alikidhania kuwa ndio ugonjwa wenyewe, na hakuniita mpaka alipofikia kushika ukuta ili afike jikoni.

Kinachonisumbua katika kisa hiki ni kwamba hakuna kilichopungua. Kituo hakikuwa mbali, daktari alikuwapo, mashine ya kupimia presha ilikuwa nzima na dawa hazikuwa zimekwisha. Kwa hesabu tulizozoea za upatikanaji wa huduma, mama alikuwa amehudumiwa, na jina lake liliingia daftarini pamoja na wengine waliohudumiwa siku ile. Tangu hapo nimekuwa mgumu kuridhika ninaposikia kwamba huduma zimewafikia watu fulani, kwa kuwa kufikiwa na huduma na kutibiwa ni mambo mawili, na katikati yake kuna mazungumzo ambayo mara nyingi hayafanyiki.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, wakichambua sababu za vifo vya uzazi, walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kutafuta matibabu, wa kufika kituoni, na wa kupata matibabu yanayofaa baada ya kufika. Juhudi nyingi za kusogeza huduma karibu na watu hushughulikia ule wa pili, kwa barabara, majengo na magari ya wagonjwa, na ni juhudi za lazima. Hata hivyo, aina hizi tatu hazikai mbalimbali. Mwanamke aliyefokewa alipokwenda kujifungua mara ya kwanza atasitasita mara ya pili, na jirani zake waliosikia watasitasita pia; ubaya wa huduma ndani ya chumba kimoja hugeuka kuwa umbali kwa watu ambao hawajawahi kukiingia. Mwaka 2018 tume ya jarida la kitabibu la Lancet Global Health kuhusu ubora wa mifumo ya afya ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo milioni 8.6 kwa mwaka vingeweza kuepukwa kwa huduma ya afya, na kati ya hivyo takriban milioni 5 ni vya watu waliokwisha kuifikia huduma, ila ikawa hafifu.

Tuna methali ya kumkemea mgonjwa, kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Siipingi, lakini naona imebeba upande mmoja tu, maana wengi hawafichi, hukatizwa. Utafiti wa Howard Beckman na Richard Frankel uliochapishwa Marekani mwaka 1984 ulionyesha kwamba madaktari waliwakatiza wagonjwa wakiwa wamezungumza kwa wastani wa sekunde 18 tu. Mtu aliyekuja na mambo matatu, akakatizwa katika la kwanza, ambalo huenda ndilo dogo kuliko yote, hurudi nyumbani na mawili.

Dawa ya tatizo la mama inajulikana, na haihitaji mtambo. Mhudumu akimaliza kueleza, humwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe: "Nataka nihakikishe kama nimeeleza vizuri, ukifika nyumbani, dawa hizi utazinywaje?" Uzuri wa swali hili umo katika namna linavyoulizwa, kwa sababu anayepimwa ni mwelezaji, na mgonjwa haoni haya kukosea. Kumuuliza "umeelewa?" hakusaidii kitu, kwani sote tumekwisha kuitikia "ndiyo" mbele ya koti jeupe ilhali hatukuambulia neno.

Najua jibu la wahudumu, na lina haki yake: dakika moja zaidi kwa kila mmoja wa wagonjwa 60 ni saa nzima, na foleni imeshafika mlangoni. Lakini foleni nayo hutengenezwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao hali yao imetulia wapewe dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja, badala ya kurudishwa kila mwezi. Mgonjwa hupunguziwa safari na nauli, na muuguzi hubaki na muda wa kumsikiliza yule ambaye hali yake haijatulia. Sioni kwa nini mtu wa presha iliyokwisha kudhibitiwa, mwenye dawa anayoivumilia vizuri, afungwe na kalenda ya kila mwezi.



Safari iliyofuata ya kituoni nilimsindikiza mama. Mfamasia, kijana mpole aliyekuwa ameelemewa, alisukuma bahasha dirishani na kumwita anayefuata. Mama hakuondoka. Alivaa miwani, akaweka kidole juu ya maandishi, akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu. Hapa unaniambia kimoja asubuhi na kimoja usiku, sivyo?" Kijana aliitazama bahasha, akaichukua tena, akachora jua upande mmoja na mwezi upande wa pili, na chini ya kila mchoro akaweka duara moja la kidonge. Wa nyuma yetu alipofika dirishani, nilimwona kijana akiishika kalamu ileile na kuanza na jua.