Nilivyokusanya kumbukumbu za baa za zamani za vijijini Uingereza

Ukimwuliza mzee wa kijiji cha Uingereza maisha ya baa yalikuwaje zamani, atakuambia watu walipendana na bia ilikuwa rahisi. Jibu hilo halikupi cha kuandika. Mimi huanza na mlango.

Ninamwekea karatasi kubwa na penseli, namwomba achore baa anayoikumbuka kama anaitazama kutoka darini. Kisha tunaingia pamoja kwa maneno: umefungua mlango, mkono wa kushoto kuna nini? Kaunta iko wapi, au haipo? Baadhi ya baa ndogo hazikuwa nayo kabisa. Mwenye baa alikwenda chumba cha nyuma, akakinga bia kwenye bomba la pipa na kurudi na jagi. Moto uliwaka upande gani, na kiti cha karibu nao kilikuwa cha nani? Choo kilikuwa uani? Mchoro ukianza kujaa, kazi za kila siku zinajitokeza zenyewe: nani aliingiza makaa, nani alisugua sakafu ya mawe, meza ya dhumna ilikaa wapi, akina mama waliketi katika chumba kipi kidogo cha pembeni wakati ukumbi mkubwa umejaa wanaume.

Picha za zamani nazificha mpaka mchoro ukamilike. Ukizitoa mapema, mtu anasimulia kilichomo pichani, na baada ya hapo huwezi tena kujua kipi alikikumbuka mwenyewe.

Swali la pili ni la pipa, na hapo sina haraka. Pipa dogo la kijijini lilikuwa la galoni 9, yaani painti 72 (painti ni zaidi kidogo ya nusu lita). Lililofuata kwa ukubwa lilikuwa la galoni 18. Pipa lililazwa ubavu, likazuiwa kwa kabari, kisha likaachwa mpaka mashapo ya hamira yatulie. Kwenye kizibo cha juu kilipigiliwa kijiti cha mti laini ili gesi ipumue. Povu likishatulia, kikawekwa cha mti mgumu kuizuia. Pipa likishaanza kutolewa bia, una siku kama tatu kabla ladha haijaharibika, na ndiyo maana baa yenye wateja wachache haikuthubutu kuagiza pipa kubwa. Aliyefanya kazi humo ataeleza vijiti hivi viwili bila kusita. Mteja wa kawaida hukumbuka ladha tu. Wote wawili nawahitaji, ila kwa mambo tofauti.

Miaka ndiyo inayosumbua zaidi. Mtu husema "nilipokuwa kijana" na hapo umekwama, kwa hiyo natafuta vitu vyenye tarehe inayojulikana. Bei ya painti ikitajwa kwa shilingi na peni za zamani, tuko kabla ya 15 Februari 1971, siku pauni ilipogawanywa kuwa peni 100 badala ya 240. Baa kufungwa mchana kwa sheria ni desturi iliyoanza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuondolewa mwaka 1988 kwa siku za wiki, kisha Jumapili mwaka 1995. Bia ya kusukumwa kwa gesi ilienea miaka ya 1960. Moshi wa sigara ndani ya baa za England uliisha 1 Julai 2007. Na akisema alitumwa utotoni kununua bia ya baba, naulizia chupa: sheria ya 1901 ilikataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 14 isipokuwa chombo kimezibwa na kufungwa kwa muhuri. Ile karatasi iliyogundishwa juu ya kizibo wazee wengi bado wanaiona machoni.

Baada ya hapo ndipo naenda kwenye nyaraka, si kabla. Ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, za inchi 25 kwa maili zinaonyesha baa kwa herufi "P.H." (public house) na nyumba ya kuuza bia pekee kwa "B.H." (beer house). Daftari za uthamini wa ardhi ulioanza 1910, zilizoko katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, London, mara nyingi zinataja vyumba kimoja kimoja, na hapo ndipo mchoro wa penseli unapopimwa. Daftari za leseni za mahakimu ziko katika hifadhi za nyaraka za kaunti, lakini zina pengo linalopoteza wengi: kuanzia 1830 mlipa kodi yeyote wa kijiji aliweza kulipia guinea 2 (pauni 2 na shilingi 2) akauza bia nyumbani kwake bila kupita kwa mahakimu, hadi 1869. Usipoikuta nyumba humo katika miaka hiyo, usiseme haikuwepo.

Sensa nayo ina mtego. Mwenye baa anaweza kuwa ameandikwa mhunzi, seremala au mkulima, kwa sababu baa ilikuwa kazi ya pili na mkewe ndiye aliyeishika. Tafuta nyumba, usitafute kazi. Karatasi za sensa ya 1931 ziliungua 1942 na ya 1941 haikufanyika, kwa hiyo daftari la wakazi la Septemba 1939 ndilo linaloziba nafasi hiyo.

Kurekodi ni rahisi ukizima friji na kuondoa saa ya ukutani. Dakika 90 zinatosha kwa kikao, na saa moja ya sauti huchukua saa tano au sita kuandikwa. Siwakutanishi wazungumzaji katika kikao cha kwanza: mwenye sauti kubwa akishasema baa ilifungwa mwaka fulani, wengine wote watakubali mwaka huo. Nawakutanisha mwishoni, michoro yote ikiwa mezani, na pale inapopingana ndipo mazungumzo huwa matamu. Mara nyingi kumbe kila mmoja yuko sahihi, ukuta ulivunjwa kati ya kipindi cha mmoja na cha mwingine.

Jina la baa naliuliza mara mbili, la kwenye kibao na la watu, maana wengi waliiita kwa jina la mwenye baa. Nyuma ya picha naandika kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino hupenya na kutokea usoni pa mtu.